Mlango wa Kushoto wa Kabati la Meneja

Bariadi,
12 Februari 1995

Senge Milembe,

Mwangaluka. Sijui barua hii itakukuta saa ngapi huko Morogoro, lakini mimi naiandika asubuhi kabla ya kufungua karakana, kwa hiyo pokea salamu ya asubuhi. Sisi tu wazima. Mayu, mama aliyenizaa, bado miguu inamsumbua, ila juzi kapalilia mistari minne ya pamba na hakutaka mtu amsaidie. Mke wangu Nyamizi anakusalimu, shangazi yetu. Mtoto tuliyempa jina lako ameanza kusimama: anashika ukuta, anaachia, anakaa chini, anaanza tena. Mvua zimekuja vizuri na kila mtu ameongeza shamba la pamba, maana wanasema ushirika hautanunua peke yake tena. Wafanyabiashara wenye leseni watakuja na magari yao.

Mmoja wa hao wenye leseni ndiye sababu ya barua hii. Anaitwa Anatoli, ametokea Mwanza, na amenunua ile nyumba ya meneja kwenye kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba, pamoja na vilivyobaki ndani. Vilivyobaki ni vitanda viwili vya chuma na kabati la vitabu. Kabati kaniletea kwa trekta. Anataka nilikate katikati na kuondoa rafu, apate pa kuweka televisheni na video.

Senge, huu ni mwaka wangu wa kumi na saba katika useremala, na kazi kama hii sijaiona. Ni refu kunipita kwa shubiri mbili. Chini lina droo nne, juu lina milango miwili ya vioo. Vioo vimegawanywa kwa vijiti vyembamba kama mabua ya ulezi, vinavyokutana kwa pembe kali, vipande kumi na tatu kila mlango. Hakuna msumari hata mmoja. Pembe za droo zimekatwa meno mfano wa mkia wa njiwa, na kati ya jino na jino hupitishi hata karatasi. Ukisukuma droo moja ndani, hewa inaitoa nyingine nje kidogo. Nimelifanya jambo hilo mara nyingi mpaka Nyamizi akaniuliza kama nimerudi utotoni.

Mayu ananiambia ulipokuwa msichana ulifanya kazi katika nyumba ile. Je, unalikumbuka? Nani alilileta, na lilikuwa na umri gani? Nimemwambia Anatoli kwamba msumeno wangu unahitaji kunolewa. Si kweli, lakini nataka kulielewa kabla sijalikata.

Mtoto wa kaka yako,
Athanasi Mayige


Morogoro,
9 Machi 1995

Mwanangu Athanasi,

Barua yako nimeipata, na salamu ya asubuhi imenikuta jioni, nikaipokea hivyo hivyo. Mimi naendelea. Tangu mume wangu Sylvester atutoke nimekuwa nikikaa kwa Flora, binti yangu, na nyumba yake iko karibu na kanisa, kwa hiyo sina safari ndefu. Mwambie mayu wako asipalilie kwa hasira. Namjua. Huyo Milembe mdogo mpakateni, msimwache akae kwenye ukuta wenye unyevu.

Kabati nalikumbuka. Lilitoka kwao Uingereza kwa meli, likaja kwa reli hadi Shinyanga, na lori likalileta kiwandani. Meneja alisema lilikuwa la babu wa babu yake. Kazi yangu ilikuwa kulifuta vumbi kila siku, maana vumbi la pamba huingia mpaka ndani ya sikio. Zaidi ya hapo sina la kukueleza. Ni miaka mingi, na mimi ni mzee.

Mali ni ya mwenyewe. Akitaka likatwe, wewe kata, ulipwe, ulishe watoto.

Je, mlango wa kushoto bado upo?

Ni mimi,
Senge yako Milembe


Bariadi,
2 Aprili 1995

Senge Milembe,

Mwadila, maana leo naandika mchana, baada ya Misa. Mayu nilimfikishia maneno yako, akacheka, halafu akarudi shambani. Milembe mdogo sasa anatembea na amevunja chungu cha bibi yake, hivyo tumejua kwamba ameanza kweli.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye ule mstari wa mwisho. Mimi sikukuandikia kwamba mlango wa kushoto una jambo lolote. Nilikuwa hata sijaufungua. Kwa kuwa wewe umeuulizia, niliishusha milango yote miwili nikailaza juu ya meza ya kazi, mmoja kando ya mwingine.

Kwa mbali ni mapacha. Kwa karibu, senge, si wa mama mmoja. Vioo vya kulia vina mawimbi na viputo vidogo, ukiangalia nje kupitia humo ng'ombe anaonekana ana mgongo wa ngamia. Vya kushoto vimenyooka na ni vyembamba, kama vile vya fremu za picha. Kwa nyuma, pale vijiti vinapokutana, aliyetengeneza alibandika vipande vidogo vya kitambaa kwa gundi ili visiachane. Mlango wa kulia ni kitani. Nililowesha ncha ya kitambaa cha mlango wa kushoto, nikakivuta nyuzi: ni pamba, ni marekani ile ya kawaida ya dukani. Na ubao wenyewe nilipoukwaruza mahali pasipoonekana, chini ya rangi nyeusi nikakuta kahawia yenye dhahabu, na harufu yake naijua tangu utoto. Ni mninga. Uingereza hakuna mninga.

Mtu alitengeneza mlango huu hapa hapa kwetu, akaufanya ufanane na mwingine mpaka hakuna aliyejua. Na nikwambie jambo: mlango wa Uingereza umepinda kidogo kwa joto letu, unagusa chini ukifungwa. Huu wa mninga haujapinda hata unywele.

Anatoli alikuja jana kuuliza habari ya msumeno. Nimempa kisingizio kingine.

Ni nani, senge?

Athanasi


Morogoro,
20 Mei 1995

Mwanangu Athanasi,

Usidhani barua yako ilipotea. Ilifika kabla ya Pasaka kwisha na imekaa juu ya meza ya Flora wiki tano. Kwanza nilikuwa na homa. Halafu homa ikaisha.

Hapa mvua imenyesha mpaka ukuta wa jikoni umelala. Flora amepandishwa cheo shuleni. Mjukuu wangu wa kwanza anataka kwenda Dar es Salaam kuuza simu za mkononi, vitu ambavyo mimi sijaviona, na yeye pia nadhani hajaviona.

Unauliza sana. Ulikuwa hivyo tangu mdogo, ukipewa embe unataka kwanza kuona kokwa. Wazungu walikuwa na mafundi wao. Labda alipita Mhindi. Baba yako alikuwa fundi wa vinu na mikokoteni ya ng'ombe, kila mtu pale Bariadi anajua hivyo, na hivyo ndivyo tulivyomzika. Acha iwe hivyo.

Wasalimie wote.

Senge Milembe


Bariadi,
11 Juni 1995

Senge Milembe,

Tumefurahi kusikia umepona, na pole kwa ukuta wa jikoni. Hapa pamba imeanza kupasuka. Tunaokota.

Mimi baba nilikuwa sijamtaja.

Ulipomtaja wewe, nilikaa siku mbili bila kugusa kazi. Siku ya tatu nilifungua sanduku lake la vifaa. Unajua aliniachia mimi. Ndani yake kuna patasi moja aliyoitengeneza mfua chuma, kutoka kwenye springi ya lori. Upana wake si wa dukani, umezidi nusu inchi kwa unene wa shilingi. Nikiwa mdogo nilimwuliza kwa nini asinunue ya kawaida, akasema mkono wake umeshaizoea.

Tundu linalochongwa kwenye ubao ili ulimi wa ubao mwingine uingie, huwa na upana wa patasi iliyolichonga. Kila fundi anajua hilo. Niliuachanisha mlango wa kushoto kwenye pembe moja, kwa mvuke wa birika, polepole, nikaitia patasi ya baba kwenye tundu. Iliingia kama kisu kwenye ala yake. Nikajaribu pembe za mlango wa kulia: haikuingia.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu, hata Nyamizi. Nilipomaliza shule ya ufundi ya misheni, mwaka wa sabini na nane, nilimletea baba kiti nilichotengeneza kwa mtihani. Kilikuwa na mikono iliyochongwa. Kilipata alama za kwanza. Baba alikizunguka, akapitisha kidole chini, mahali ambapo mwalimu wangu hakuangalia, akasema, "Kimekazwa vizuri." Kisha akaketi kwenye kigoda chake. Kwa miaka tisa mpaka anakufa hakuwahi kukalia kile kiti, na mimi niliamini baba yangu hajui chochote kuhusu samani, au ananionea wivu. Nimemfikiria vibaya mtu ambaye alijua kuliko mimi.

Kwa hiyo siulizi kwa sababu ya udadisi tu sasa. Naomba uniambie.

Anatoli ametoa mwezi mmoja wa mwisho.

Athanasi


Morogoro,
8 Julai 1995

Athanasi, mwanangu,

Leo sina habari za nyumbani. Wote wazima. Naandika mwenyewe, Flora nimemwambia aende sokoni.

Ilikuwa mwaka 1953, mimi nina miaka kumi na sita. Meneja na mke wake walikwenda kwao likizo ya miezi sita. Niliachiwa funguo za nyumba nifagie na kufuta vumbi, na kabati nilikatazwa kulifungua. Rafu ya juu kulikuwa na kitabu kikubwa cha ndege. Nilikiona mara moja mke wa meneja alipokifungua, kila ukurasa ndege mmoja mwenye rangi zake. Nilitaka kujua kama yumo ndege wetu yeyote. Ni hilo tu. Nikafungua mlango wa kushoto, nikakanyaga ukingo wa kabati la chini, nikajishikilia kwenye mlango. Ulitoka na bawaba zake, ukaangukia sakafu ya saruji pamoja nami. Vioo vyote vikavunjika na vijiti vikawa kuni.

Nilikwenda kwa kaka yangu, baba yako. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anachonga vinu na kutengeneza magurudumu. Hakunigombeza. Alikuja akakaa mbele ya kile kilichobaki, akaomba kipande cha mkaa. Aliushusha mlango wa kulia, akaulaza juu ya shuka kuukuu, akauchora mzima kwa mkaa, kila pembe. Kisha akasema, "Aliyefanya kazi hii alikuwa mtu. Hata mimi ni mtu."

Alikuja kila Jumapili kutoka Misa, kwa miezi minne. Patasi zake zilikuwa nene, ndipo akaenda kwa mfua chuma. Vijiti vilimkatikia mara tatu. Alikuwa anaupapasa ule mlango wa mzungu kwa macho yaliyofungwa, akisema macho yanamharakisha. Akagundua vile vitambaa vya nyuma, akacheka peke yake, akasema, "Amefunga kidonda." Nami nikachana pindo la kanga yangu ya marekani. Vioo alivitafuta mjini Nyalikungu kwenye duka la picha, akalipa mbuzi. Rangi alichemsha magome pamoja na misumari yenye kutu.

Meneja aliporudi, baba yako alikuwa uani ameleta kinu. Alitaka kusikia. Meneja aliufungua mlango wa kushoto, akatoa kitabu, akaufunga. Nilipomweleza baba yako, aliniuliza, "Aliufunga kwa nguvu au taratibu?" Nikasema taratibu. Sijapata kumwona na furaha kama ile, hata siku ya harusi yake.

Sasa sikiliza lile ambalo limenifanya nisirudi Bariadi.

Mninga ule ulitoka stoo ya kiwanda. Baba yako aliniambia aliuchukua mlinzi akiwa amegeuka. Mbao nne kwa mlango mmoja, maana tatu ziliisha kwa kujifunza. Mlinzi wa stoo aliitwa Salu, kijana wa Bukundi, mpole. Zilipohesabiwa mbao zikapungua, akafukuzwa mbele ya watu wote kama mwizi, na nguo yake ya kazi wakamvua pale pale. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye veranda na kitambaa cha vumbi mkononi. Sikufungua mdomo. Baba yako naye alinyamaza. Baada ya siku ile hakutengeneza tena kitu chochote cha kuweka ndani ya nyumba. Ndiyo sababu hakukalia kiti chako. Si wivu, mwanangu.

Sylvester aliponichumbia, nilikubali upesi kwa sababu alifanya kazi relini na alikuwa akihamia mbali.

Sasa umeiona kokwa.

Milembe


Bariadi,
27 Agosti 1995

Senge Milembe,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimekwenda mahali ambapo ungenikataza kwenda.

Kwanza kabati. Nilimwendea Anatoli nikamwambia nitamtengenezea kabati jipya la televisheni, la mninga mtupu, lenye shimo la nyaya na mahali pa video na kanda zake, anipe hili kuukuu. Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego. Kisha akakubali, ila akataka apate na vioo vya mlango mmoja, aweke vikombe vyake. Nikamwambia achague. Vile vyenye mawimbi akavikataa, akasema vimeharibika. Alichukua vya kushoto vyote kumi na tatu. Kwa hiyo mlango wa baba sasa hauna vioo, lakini mlango upo, na kabati lipo hapa karakana. Nyamizi ameshaweka mbegu za mahindi kwenye droo ya pili, anasema panya hawapati pa kuingilia.

Sasa Bukundi. Nilipanda lori la wafanyabiashara wa ng'ombe, siku ya mnada, nikauliza. Salu yupo. Ni mzee mrefu, mjane, anakaa na mjukuu wake Kabula, na macho yake yana ukungu mweupe. Nilimkuta anasuka kamba ya ngozi kwa kupapasa. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ni mtoto wa Mayige wa Bariadi.

Akasema, "Mayige gani?"

"Mayige fundi wa vinu."

Akaendelea kusuka. Kisha akasema, "Hakuwa wa vinu."

Nikapiga magoti, senge. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya zile mbao nne, kwamba baba alizichukua yeye akiwa amegeuka, na kwamba ukoo wetu ulinyamaza alipodhalilishwa. Aliniacha nimalize yote. Kisha akasema, "Inuka, vumbi hili lina kupe."

Akamwita Kabula alete maziwa. Nilipokwisha kunywa akaniambia, "Mtu hachukui mbao za futi kumi na mbili mlinzi akigeuka. Nilizitoa mimi. Baba yako alikuja kuomba vipande vya kutupwa. Nikamwuliza vya nini, akanieleza yaliyompata dada yake. Vile vya kutupwa vilikuwa vimepasuka vyote. Nikafungua stoo nikamwambia, chagua."

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Huyo dada yake alikuwa anapita dirishani pa stoo kila asubuhi akienda kazini, na alikuwa anasalimia. Wengine walikuwa hawamsalimii mlinzi."

Nikamwuliza kwa nini hakusema ukweli walipomvua nguo ya kazi. Akasema, "Mayige alitaka kwenda kusema. Nilimshika mkono nikamwambia: Ukisema watamfukuza binti, na wewe watakufunga, na mimi watanifukuza vile vile. Mmoja anatosha."

"Lakini baba alimwambia senge kwamba alikuibia."

"Nilimwomba mimi amwambie hivyo. Sikutaka yule msichana anisalimie kwa ajili ya mbao."

Hayo ndiyo maneno yake, senge, sijaongeza wala kupunguza. Yeye akaniuliza, "Na hilo kabati lilikuwaje? Mimi sikuwahi kuingia katika nyumba ile."

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Alitaka kujua vijiti vilikuwa vinene kiasi gani, nikampa bua la ulezi. Akasema, "Kutoka kwenye mbao zile?" Nikasema ndiyo. Alilizungusha lile bua vidoleni mpaka nikaondoka.

Hakuniuliza kama u hai. Nadhani aliogopa.

Athanasi


Morogoro,
14 Septemba 1995

Mwanangu,

Flora alinikuta na barua yako mapajani akadhani kuna msiba.

Miaka arobaini na miwili nimeungama dhambi ya kaka yangu kana kwamba ni yangu, na kumbe haikuwa yake, na wala haikuwa dhambi ile. Nimemkasirikia marehemu, leo asubuhi, kwa mara ya kwanza. Alimtunzia mtu siri yake mpaka akaenda nayo kaburini, na mimi nikakosa kuijua, ingawa ilinihusu. Halafu nikafikiri: angefanyaje? Aliombwa.

Mwambie Anatoli vikombe vyake vikae salama. Vioo vile vilikuwa vya picha, havikuwa vya kabati.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine ndogo, imefungwa kwa gundi. Ni ya Salu. Usiifungue, Athanasi. Najua udadisi wako, lakini hii si embe. Mpelekee, na asomewe na huyo mjukuu wake, wewe ukiwa mbali.

Senge Milembe


Bariadi,
8 Oktoba 1995

Senge Milembe,

Huku joto limekuwa kali, ng'ombe wanafuata maji mbali, na magari ya wagombea uchaguzi yanapita yakipiga muziki. Pamba tumeuza. Milembe mdogo amejifunza kusema neno moja, nalo ni "hapana."

Barua yako haikunilazimu kwenda Bukundi mara ya pili. Salu alikuja mwenyewe. Kabula alimleta hospitali yetu ya wilaya kwa ajili ya macho, na walipotoka wakauliza karakana ya mtoto wa Mayige. Niliacha randa nikampokea. Hakutaka kuketi. Akasema, "Nionyeshe."

Nilimsogeza mpaka mbele ya kabati, nikamwekea mikono juu ya milango, mmoja kulia na mmoja kushoto, nikarudi nyuma. Sikumwambia upi ni upi. Alianza chini. Alipapasa fremu, akapanda na vijiti, akafuata kila pembe hadi inapokutana na nyingine, bila haraka. Alikuwa anarudia mahali fulani kisha anaendelea. Nyamizi alikuja mlangoni na beseni, akasimama tu. Nadhani ilipita nusu saa. Hatimaye akaweka kiganja kwenye mlango wa kulia, akasema kwa uhakika kabisa, "Huu. Huu ndio mkono wa Mayige. Huu mwingine ni wa mzungu, una ukali kidogo pembeni."

Senge, nilifikiria kumwachia. Ingekuwa rahisi. Lakini uongo uliosemwa kwa ajili ya mbao zile umetosha, nikamwambia, "Hapana, baba. Mayige ni wa kushoto."

Alibaki amekaza mkono pale pale. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, Kabula akamshika bega, nami nikacheka, na Nyamizi naye. "Basi hata mimi kaniweza," akasema. "Mimi niliyempa mbao." Akakihamishia kiganja kwenye mlango wa kushoto, akakiacha hapo muda mrefu, na safari hii hakupapasa chochote.

Barua yako nilimpa. Wakakaa kwenye benchi la nje, Kabula akamsomea. Mimi niliingia ndani nikapiga randa ubao usiohitaji randa, ili nisisikie, na kweli sikusikia. Niliona tu kwa dirishani kwamba alimfanya Kabula aisome mara ya pili, kisha akaikunja akaitia ndani ya koti, upande wa moyo, akafunga kifungo.

Daktari amesema macho yanaweza kufanyiwa upasuaji Mwanza. Atafikiria.

Wakati wa kuondoka nilimwuliza kama ana jibu nikuandikie. Alitembea hatua kadhaa na fimbo yake, nikadhani hakusikia. Kisha akageuka akasema, "Mwambie mvua zikianza, mto hukatisha njia ya Bukundi. Anayetaka kupita apite kabla."

Treni hufika Shinyanga alfajiri. Niandikie siku, nitakuwa stesheni.

Wako,
Athanasi